Mama Alisema Hakuna

Nilipopotea mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, nimelala vizuri, sina homa, na barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Nilikuwa natoka Masasi kwenda Newala na mzigo wa sare za shule nyuma ya pikapu. Kazi yangu ni ushonaji. Nina cherehani zangu pale mjini na wasichana wanaonisaidia, na shule nyingi za mlimani, yaani huko juu Newala, huniagiza sare kila muhula unapokaribia kuanza. Nakumbuka nilimaliza kupanda mlima. Nakumbuka lori la magunia ya korosho mbele yangu, nami nasubiri nafasi ya kulipita. Halafu sikumbuki kitu. Nilipojirudia nilikuwa katikati ya kijiji cha Mkunya, nyumba ya mama yangu nimeshaipita, lori halipo mbele wala nyuma, gari linatambaa kama linasukumwa, na bodaboda nyuma yangu anapiga honi kwa hasira.

Nilisimama kando. Yule bodaboda akanipita akinitazama dirishani. "Mama, umelewa?" Akaenda zake.

Nikageuza gari nikarudi kwa mama. Alikuwa amechemsha ming'oko, vile viazi vya porini, akanitengea na chumvi na pilipili. Nikamsimulia, nikicheka kidogo, kama mtu anavyosimulia kituko chake. Mama hakucheka. Aliniuliza nilikula nini kabla ya kuondoka.

"Chai."

"Chai na nini?"

"Chai tu, mama."

"Basi ni njaa hiyo," alisema. "Kula."

Nikala, na kwa wiki kadhaa niliamini ni njaa. Wengine niliowasimulia kila mmoja alikuja na lake. Jirani yangu sokoni alisema ni presha. Msichana mmoja wa pale kwangu alisema ni salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho, kwamba inakaa kifuani halafu inapanda kichwani. Mwingine alishusha sauti akaniuliza kama kuna mtu ninayegombana naye. Sikuwa nagombana na mtu.

Kitu kimoja sikumwambia yeyote kwa sababu sikukiona ni kitu. Kabla ya kupotea nilikuwa nimesikia harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, ule moshi mzito unaokaa kooni, na tumbo likapanda juu kama wakati gari linaporuka tuta. Kwetu harufu hiyo si ya kushangaza. Ila ilikuwa masika, na masika hakuna mtu anayechoma korosho.

Siku hizo mama alikuwa ameanza tabia ya kutaka kupanda nami gari. Nikipita Mkunya kwenda Newala, namkuta ameshavaa, amesimama barabarani na mkoba wake. Nikirudi Masasi, naye ana shida Masasi. Akikaa kiti cha mbele alikuwa haishi kuongea. Ananiuliza bei ya vitambaa, ananiuliza watoto, ananiuliza jambo ambalo nimetoka kulijibu. Nikikaa kimya kidogo tu, anasema, "Unanisikia, mwanangu?" Nilidhani ni uzee na upweke. Nilimwonea huruma, nikawa namjibu yote mara mbili.

Kwa hiyo mara ya pili mama alikuwepo. Nilirudiwa na akili nikaona majani marefu mbele ya kioo, gari limezimika pembeni mwa barabara, na mkono wa mama umeng'ang'ania usukani pamoja na wangu. Pumzi yake ilikuwa inakwenda mbio. Moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nimefanya nini?" nikamuuliza.

"Umesinzia."

"Nimesinzia? Macho yalifumba?"

"Yalifumba," mama alisema. "Umechoka, mwanangu. Unafanya kazi sana."

Safari hiyo sikungoja. Nilikwenda hospitali, kule Ndanda, na mama akasisitiza tuongozane. Tulipanda basi. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mpole, wa kumsikiliza mtu hadi amalize. Walinipima sukari, wakanipima presha, wakanilaza kitandani na kunibandika nyaya kifuani kupima moyo. Vyote vilikuwa vizuri. Tukarudi chumbani kwake, mimi na mama tumekaa bega kwa bega kwenye benchi.

"Mtu anaweza kupotea fahamu akiendesha kwa mambo mengi," daktari alisema. "Kuna usingizi wa kawaida, mtu halali vya kutosha. Kuna mwingine analala lakini anakoroma na kukosa hewa usiku kucha, mchana anasinzia bila kujua. Kuna sukari kushuka. Kuna moyo kuruka mapigo. Kuna dawa, hata hizi za mafua tunazonunua dukani, zinalewesha. Umewahi kunywa dawa yoyote siku hizo?"

"Hapana."

"Na kuna kifafa."

Nadhani niliruka kidogo. Nikamwambia mimi sianguki, sitoi povu.

"Si kila kifafa kinaangusha mtu, dada. Kipo ambacho mtu anabaki amekaa, macho wazi, anatazama tu. Pengine anatafunatafuna mdomo, pengine mkono unashikashika nguo. Anaweza hata kuendelea kushika usukani, lakini mwenyewe hayupo. Mashine yetu haiwezi kuniambia hilo leo. Ugonjwa huu tunaukamata kwa maelezo ya mtu aliyeona." Akamgeukia mama. "Shikamoo mama. Samahani nilikuwa sijakuamkia vizuri."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ulikuwa naye. Macho yake yalikuwa wazi au yamefumba?"

"Yalifumba."

"Una uhakika?"

"Alisinzia. Alikuwa anakoroma hata."

"Hakutafuna mdomo?"

"Hapana."

"Na katika familia, mama? Kwako, au kwa baba yake? Yupo aliyewahi kuwa na kifafa, au aliyekuwa anaduwaa hivi, anapotea kidogo na kurudi?"

Mama alirekebisha khanga begani. "Hakuna," alisema.

Daktari aliandika. Akaniambia nilale vya kutosha, nipunguze kazi, nisiendeshe nikiwa nimechoka, na kama hali ile ikirudi hata mara moja niache gari hapohapo na kurudi kwake. Tulipotoka nilimshukuru mama. Nilimwambia, "Afadhali ulikuwepo." Naye akanishika mkono tukavuka barabara kwenda kungoja basi.

Nililala. Niliacha kushona hadi jioni sana, nikawaachia wasichana kazi ya kumalizia. Miezi ikapita, nikaanza tena kupanda mlimani na gari, na mama akaendelea kunisimamia barabarani na mkoba wake.

Siku ya ajali tulikuwa tunatoka kanisani, Jumapili, mama pembeni yangu kama kawaida. Nilisikia harufu ya maganda ya korosho. Nilisikia mama akisema, "Unanisikia? Unanisikia?" Baada ya hapo kuna giza ambalo hata giza si neno lake, kwa sababu giza mtu analiona. Gari liliacha barabara, likapita katikati ya shamba la mihogo la watu, likaugonga mkorosho. Nilipojirudia kulikuwa na wanawake wawili wanaufungua mlango, na mama analia. Sikuwahi kumsikia mama akilia kwa maumivu. Kiwiko na kifundo cha mkono wake wa kulia vilikuwa vimeelekea upande ambao mkono hauelekei.

Hatukumgonga mtu. Naliandika hili kwanza kwa sababu ndilo ninalojiambia kwanza kila ninapokumbuka.

Walitupeleka hospitali ya Newala, mama akafungwa plasta, mimi nilikuwa na mchubuko tu kwenye paji la uso. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anakaa Newala mjini, naye habari zilimfika upesi. Aliingia wodini na chupa ya uji, akatuamkua, akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza mara hii bila kuacha kitu: harufu, tumbo kupanda, halafu hakuna. Nilipofika kwenye harufu aliweka chupa chini.

Akamgeukia mama, akasema kwa Kimakonde, taratibu, nami Kimakonde ni lugha niliyonyonya: "Wifi, huyu ni kama baba yake. Na wewe mpaka leo umefunga mdomo?"

Mama aligeuza uso ukutani.

Hapa lazima nieleze baba yangu alivyokufa, au nilivyoambiwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa darasa la nne alipoanguka na pikipiki kwenye mteremko wa kushuka kwenda Masasi, mchana mweupe, barabara kavu. Nyumbani tuliambiwa breki zilikatika. Siku chache nyuma pikipiki ilikuwa kwa fundi mmoja wa hapo Newala, na mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo wetu, alitangaza msibani kwamba fundi yule hakukaza waya wa breki. Nimekua nikijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Tukipita karibu na kwa fundi huyo, mama alitushika mikono tukavuka upande wa pili.

"Shangazi," nikasema, "baba alikatikiwa breki."

"Nani kakwambia? Breki zilikuwa nzima. Pikipiki ile mume wangu aliipanda baadaye miaka. Baba yako alikuwa anapotea. Tangu kijana. Anasikia harufu isiyokuwepo, anakaa, anatazama, anatafuna kitu ambacho hakipo mdomoni, halafu anauliza mlikuwa mnasema nini. Mama yetu alikuwa anajua. Mama yako huyu anajua. Muulize."

Nikamuuliza. Ila si siku ile. Alikuwa amechomwa sindano ya maumivu na nilikuwa bado namwonea huruma. Nilimuuliza nyumbani kwake Mkunya, plasta mkononi, amekaa kwenye mkeka na mimi namchambulia mbaazi kwa kuwa hakuweza.

"Mama, siku ile garini, macho yangu yalikuwaje?"

Aliishika plasta kwa mkono mwingine.

"Yalikuwa wazi," alisema. "Yalikuwa wazi kama ya baba yako. Na ulikuwa unatafuna."

"Na ulianza kuniona lini?"

"Jikoni hapa. Msimu wa korosho, kabla ya ile siku ya ming'oko. Ulikuwa umeshika mwiko, ukasimama. Nikakuita hukuitika. Ukarudi, ukaendelea kusonga ugali."

"Ndiyo maana ukawa unapanda gari."

"Nilisema nikiwepo nitakuita. Ukikawia kuitika nitashika usukani."

"Hujui kuendesha, mama."

"Sijui."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia daktari. Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa kali, kana kwamba ninamwonea. Alisema nilikuwa mtoto, sijui kifafa kilikuwa nini nyakati zile. Nyumba yenye kifafa watu hawali chakula chake. Alikuwa na mabinti watatu. "Nani angewaoa?" alisema. "Kaka yangu aliniambia: ukisema mume wako alikuwa na kifafa, umewazika na watoto. Sema breki. Nikasema breki. Mmeolewa wote. Mmezaa wote. Nilikosea wapi?"

"Na Ndanda? Mimi nimeshaolewa, nimeshazaa. Pale Ndanda ulikuwa unamficha nani?"

Aliniambia mbaazi nyingine zina wadudu, niangalie vizuri. Nikaweka ungo chini nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba mpaka miguu ikaniuma. Mwili wangu ulikuwa umenisaliti, hilo nilikuwa nimeshaanza kulizoea. Mwili ni nyama, haujui unachofanya. Lakini mama alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye lile benchi, ameulizwa kwa upole, akatazama mbele na kunipeleka tena barabarani.

Mume wangu anafanya kazi Tunduru. Nilimpigia simu nikamwambia yote. Alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu. "Siku tunafunga ndoa, mama alijua?" Nikasema alijua kuhusu baba. Akasema sawa, pole, meza dawa, tutaongea nikija. Alipokuja tuliongea, na tuko pamoja, lakini ukimya ule wa kwenye simu naufahamu. Ulikuwa ni ukimya wangu mwenyewe, wa mtu aliyefichwa.

Nilirudi Ndanda peke yangu kwa basi. Daktari alisikiliza, akafungua alichoandika mwanzo, akakifunga. Hakumsema mama vibaya. Aliniandikia vidonge vya asubuhi na jioni, akanieleza kwamba nisiviache ghafla hata nikijisikia mzima, na kwamba gari sitalishika. Labda siku moja, baada ya muda mrefu bila kupotea, yeye na mimi tutalizungumza tena, na labda hapana. Nilikubali. Pikapu ilipotengenezwa nilimpata dereva wa kunipelekea sare mlimani.

Kilichobaki kunikaba kilikuwa fundi. Nilimwambia mama, mkono ulipopona, kwamba twende kwake. Alikataa. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, na nitasema kila kitu kama nilivyokisikia. Akavaa akafuata.

Tulimkuta nyumbani, nje kidogo ya Newala, anapalilia chini ya mikorosho yake. Nilikuwa namjua kwa mbali tu. Kwa karibu alikuwa mzee mwembamba, mvi tupu, kofia ya kiislamu kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamtazama mama akamtambua, uso wake ukakunjika. Hata hivyo alituletea viti. Mama alisema kwa kifupi, macho chini: mume wangu alikuwa na kifafa, breki zilikuwa nzima, tulisema uongo.

Yule mzee aliegemeza jembe kwenye mti.

"Ule waya niliukaza kwa mkono huu," alisema. "Nikawaambia niliukaza. Kaka yako alisimama hapohapo mlipokaa akaniita muuaji, watu wamejaa. Nikasema niliukaza. Basi nikaulizwa, nikaulizwa, mwisho nikawa najiuliza mwenyewe. Hivi kweli niliukaza? Nikawa nikilala naukaza. Nikiamka naukaza. Watu wakaacha kuleta pikipiki, na mimi nikaona wana haki. Spana zangu nikazigawa." Akamtazama mama. "Hata mimi niliamini nimemuua mwalimu."

Mama alisema, "Nisamehe."

"Mmekuja kuniambia mimi peke yangu?"

"Ndiyo."

"Mlinisema mbele ya watu," alisema yule mzee. Akachukua jembe lake. "Asanteni kwa kuja."

Mama alikaa wiki kadhaa bila kulitaja, nami sikulitaja. Kisha Jumapili moja, baada ya matangazo, aliomba nafasi kanisani. Alisimama mbele, mdogo, khanga imembana. Alianza chini chini mpaka walio nyuma wakasema, "Sauti, mama!" Akarudia. Alisema marehemu mume wake alikuwa na ugonjwa wa kupotea fahamu, na fundi hakuwa na kosa. Alisema, "Kaka yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyesema ni breki, na sisi wanawake tutafanya nini?" Kinamama wakamshika mikono, wengine wakafuta machozi. Walimpa pole. Nami nilikaa kwenye benchi langu nikingoja sentensi iliyobaki, ile ya Ndanda, ile ya macho. Haikuja. Mjomba amekufa, hawezi kujibu, na mzigo wote ukabaki kwake.

Habari zilimfika yule mzee kabla ya jioni. Newala haina siri siku ya Jumapili. Nilikutana naye baadaye sokoni, nikamwamkia. Akaitikia. Nikamuuliza kama amesikia. "Nimesikia," alisema. "Imetosha hivyo." Sijui kama kweli ilimtosha. Nilitaka kumwambia kwamba mimi haikunitosha, lakini lilikuwa jambo langu, si la kumbebesha yeye tena.

Binti yangu mkubwa anataka kujifunza udereva. Nilimketisha, nikamweleza babu yake alikufaje hasa, na mimi nina nini, na ajitazame vipi. Alisikiliza, akauliza kama na yeye atakipata. Nikamwambia sijui, na kwamba daktari naye alisema hajui, pengine ndiyo, pengine hapana. Aliogopa. Nilimwona akiogopa, na kwa dakika moja nilielewa ni kwa nini mtu angependa kusema breki. Nikaendelea kumweleza.

Kwa mama nakwenda bado, kwa basi, mara nyingi siku za Jumapili. Mkono wake haunyooki vizuri, kwa hiyo namchotea maji, namtwangia kisamvu. Tunacheka mambo mengine. Majuzi tulikuwa tunakula, akaniuliza bila kunitazama kama nimeshamsamehe.

"Bado, mama," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akanisogezea bakuli la mboga, akasema nile, chakula kinapoa.